Nani Mkali Kati Yao?

Katika kinyozi ninakonyolewa hapa Gataka, upande wa Rongai, kuna kesi moja ambayo haijawahi kufungwa: kati ya Ogopa na Calif, nani alikuwa mkali? Kinyozi mwenyewe ni mtu wa Calif, damu kabisa. Jamaa anayeuza simu mlango wa pili ni mtu wa Ogopa, na huja kubishana hata siku ambayo hana nywele za kunyoa. Vijana waliozaliwa baada ya 2003 huwasikiliza kidogo, wanacheka, kisha wanaanzisha kesi yao wenyewe kuhusu maprodyuza wa drill. Majina yanabadilika lakini swali ni lile lile.

Nalipenda hilo swali, kusema ukweli. Lakini kadiri ninavyolisikia ndivyo ninavyoona kwamba ni maswali mawili yamevaa koti moja. La kwanza: ukiwaweka watu wawili mbele ya umati usiku mmoja, nani ataushika huo umati? La pili: miaka 20 ikipita, ni kazi ya nani ambayo wengine wataendelea kuifanya hata bila kujua jina lake? La kwanza linahusu ushindi. La pili linahusu athari. Tukiyachanganya kwa kinyozi hakuna anayeumia, tunacheka na kwenda nyumbani. Tukiyachanganya mahali ambapo kijana anangoja kuambiwa kama kazi yake ina maana, kuna mtu analipia.

Tuanze na hao wakubwa. Ogopa Deejays ilikuwa kazi ya ndugu wawili, Lucas na Francis Bikedo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwao ndiko zilikotoka ngoma za E-Sir, Nameless, Deux Vultures, Kleptomaniax, Longombas, Amani na wengine wengi. Mdundo wao ulitengenezwa uchezwe: ngoma inayoruka kama ragga, kinanda chepesi, kiitikio ambacho mtoto wa darasa la pili anakishika mara ya kwanza. E-Sir alikufa kwa ajali ya barabarani Machi 2003, akiwa na miaka 21 tu, na hadi leo ukiweka "Boomba Train" kwenye harusi, watu ambao hawajuani wanainuka pamoja.

Upande wa pili alikuwa Clement Rapudo, tunayemjua kama Clemmo, pamoja na Jua Cali na Nonini. Calif ni kifupi cha California, ule mtaa ulio karibu na Eastleigh. Wao walikuja na genge. Kwa sikio langu biti za Clemmo zilikuwa nzito zaidi na tupu zaidi: besi, ngoma chache, halafu uwazi mkubwa katikati. Ndani ya huo uwazi Jua Cali alikuwa anaachilia Sheng bila haraka, kama mtu anayepiga stori na wasee wa mtaa. Muziki wa Ogopa ukaitwa kapuka, jina ambalo watu wa hip-hop ngumu walilitumia kwa dharau, na ule ubishi wa genge na kapuka ukawa sehemu ya burudani yenyewe. Kila upande ulijua mwingine unasikiliza.

Sasa, nani mkali? Angalia vile hawa mabwana wawili wa kinyozi wanavyobishana. Wa Ogopa anahesabu ngoma zilizochezwa kila harusi na kila mkesha wa Krismasi. Wa Calif anahesabu maneno ya mtaani yaliyoingia redioni kwa mara ya kwanza. Mmoja anapima kwa miguu ya watu, mwingine kwa midomo yao. Kila mmoja ameshachagua kipimo ambacho upande wake utashinda, halafu anashangaa mwenzake haoni ukweli ulio wazi. Ukichunguza vizuri, hawabishani kuhusu Clemmo na akina Bikedo. Wanabishana kuhusu muziki ni wa nini.

Mpambano wa biti unajaribu kututoa kwenye huo mzozo kwa kuweka kanuni moja kwa wote. Kama hujawahi kuhudhuria, hali ni hivi. Meza mbili, au meza moja na maprodyuza wawili wanaopokezana. Kila mmoja ana laptopu, au ile mashine ya vibonye kama MPC. Kila raundi mtu anapewa dakika moja, pengine moja na nusu. Anabonyeza, biti inalia, MC anauliza ukumbi upige kelele, majaji wanaandika. Wakati mwingine kuna raundi ambapo wote wawili wamepewa sampuli moja siku chache kabla, ili ionekane nani ameigeuza vizuri zaidi. Hakuna rapa jukwaani. Hakuna video yenye magari ya kukodi. Ni mdundo peke yake mbele ya watu.

Uzuri wake ni kwamba hapo prodyuza anapata uso. Mwaka mzima yeye ni jina dogo chini ya video, tena akiwa na bahati. Usiku huo watu wanamtazama yeye. Pia ni mahali pagumu kununua mapenzi. Rafiki yako anaweza kukusifu kwa WhatsApp, lakini watu mia moja na hamsini walioboeka hawawezi kujifanya.

Shida ni kwamba biti nyingi kubwa hazikutengenezwa zisikilizwe peke yake. Chukua moja ya zile biti tupu za Clemmo za wakati huo, itoe sauti ya Jua Cali, iweke kwenye ukumbi wa leo kwa dakika moja. Nadhani watu wangengoja kitu kianze. Biti kama hiyo ni kama sebule iliyoandaliwa mgeni. Mwenyeji mzuri hajazi viti vyote na jamaa zake kabla mgeni hajafika. Lakini kwenye mpambano hakuna mgeni anayekuja, kwa hivyo sebule yenye nafasi inaonekana ni nyumba isiyo na vitu. Anayeshinda ni aliyejaza kila kona: tarumbeta hapa, ukimya wa ghafla pale, halafu besi inarudi kama lori limepoteza breki. Umati unalipuka, na una haki ya kulipuka, kwa sababu hiyo pia ni kazi. Ila jaribu kumwambia rapa aingie hapo ndani. Ataketi wapi?

Mwaka jana niliombwa niwe mmoja wa majaji watatu kwenye mpambano mdogo pale Rongai, kwenye chumba cha juu ambacho mchana hukodishwa kwa mikutano ya vyama. Zawadi ilikuwa saa kadhaa za studio. Fainali ikabaki na vijana wawili. Mmoja alitoka Kitengela, na alikuja kufanya kazi: vigelegele alivyovikata vipande vipande, tarumbeta, besi iliyotikisa chupa za soda mezani. Mwingine ni wa hapa Gataka, miaka kama 19. Yeye alikuwa amerekodi kondakta akigonga bodi ya matatu, ule mgongo wa kumwambia dereva aondoke, akaufanya ngoma yake. Tena hakuuweka sawasawa na mdundo. Aliuchelewesha kidogo, kila mara, kama mtu anayeburuta kiatu. Ukumbi ulimsikiliza kwa heshima. Kuna wawili walitoka kununua chips.

Wa Kitengela alishinda kwa kura zote tatu, yangu ikiwemo. Tulikuwa tumepewa vigezo: nguvu, ubunifu, mapokezi ya ukumbi. Kwa vigezo hivyo alistahili, na tukirudia usiku ule kesho nitampigia tena. Lakini baadaye, watu wakikunja nyaya, yule wa Gataka alinikaribia akauliza, sauti ya kawaida kabisa, "Kwa hivyo mimi si prodyuza, brathe?"

Hakuwa anatafuta kufarijiwa. Alikuwa anataka habari. Dadake alikuwa amemnunulia ile laptopu kwa mkopo wa chama, na akampa hadi Desemba aonyeshe kwamba inaweza kuleta kitu nyumbani. Ikishindikana, iuzwe na atafute kazi ya mjengo. Dada mwenyewe hasikilizi hip-hop. Angewezaje kujua kama mdogo wake ana kipaji ama anapoteza muda? Njia aliyokuwa nayo ni kuuliza: ulishinda?

Hapo ndipo mambo ya kinyozi yalipoacha kuwa mchezo kwangu. Sisi majaji tulipima dakika chache za kelele na tukaandika jibu lililo sahihi kwa dakika hizo. Jibu hilo sasa lilikuwa linashuka ngazi, linapanda bodaboda, linaenda kutumika kama ushahidi katika nyumba ambayo sisi hatukuwepo, kuhusu jambo ambalo hatukulipima. Nilimwambia hivyo, kwa maneno machache zaidi. Nilimwambia tumeamua nani ameshika ukumbi leo, hatukuamua yeye ni nani. Alitikisa kichwa kwa adabu. Sidhani ilimsaidia kitu usiku huo, na nadhani nilikuwa na deni la maelezo bora zaidi. Makala haya ni sehemu ya kulilipa.

Tuangalie mpambano mkubwa kuliko yote ya wakati wetu. Machi 2020, dunia ikiwa imefungiwa ndani, Timbaland na Swizz Beatz walianzisha Verzuz kwenye Instagram. Maprodyuza wawili, kila mmoja nyumbani kwake, wanapokezana kucheza kazi zao, wimbo kwa wimbo. Wengi wetu tulikesha kwa bando za kukopa. Aprili mwaka huo RZA wa Wu-Tang Clan alikutana na DJ Premier, na hapa Nairobi watu walikuwa macho alfajiri wakihesabu raundi. Lakini ukiwauliza leo nani alishinda, wengi watakuambia swali halina maana. Walipokuwa wanasikiliza, hawakuwa wanapima mdundo. Kila mtu alikuwa anakumbuka alikuwa wapi ngoma ile ilipotoka. Tena zile hazikuwa biti tupu. Zilikuwa nyimbo kamili, na sauti za wageni wote waliowahi kuketi kwenye hizo sebule.

Wiki iliyofuata Teddy Riley alikutana na Babyface. Riley alikuja na bendi, vyombo na mtu wa kuchangamsha. Babyface alikuwa ameketi nyumbani, ametulia. Sauti upande wa Riley ikaharibika kwa mwangwi hadi mpambano ukaahirishwa na kurudiwa siku mbili baadaye. Watu walicheka sana. Mimi nilibaki na wazo moja: hakuna aliyesema eti Teddy Riley, mtu aliyeipa dunia new jack swing, si prodyuza kwa sababu vyombo vyake vilimsaliti usiku mmoja. Kwa nini? Kwa sababu tulikuwa na miaka 30 ya kumjua. Mkongwe akianguka jukwaani, historia yake inamdaka. Kijana wa Gataka hana kitu cha kumdaka. Mpambano ule ule, kanuni zile zile, lakini mmoja anacheza na akiba na mwingine anacheza na kila kitu alichonacho.

Sasa twende kwa athari, kwa sababu yenyewe ni ngumu kuona. Ushindi unajionyesha, mtu ananyanyua mikono. Athari inafanya kinyume: kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo inavyopotea machoni, kwa sababu imekuwa hali ya kawaida. J Dilla wa Detroit alikufa Februari 2006 akiwa na miaka 32, siku tatu baada ya albamu yake "Donuts" kutoka. Alama yake kubwa ilikuwa ngoma ambazo hazikukaa kwenye mstari. Mashine ingeweza kuzinyoosha kwa kubonyeza kitufe kimoja, yeye akakataa, akaziacha ziyumbe kama mkono wa binadamu. Mashine yake ya MPC leo imewekwa kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian kule Washington. Lakini makumbusho yake halisi ni vyumba vya kulala vya vijana dunia nzima, wanaochelewesha ngoma kidogo kwa sababu "inasikika fiti hivyo", bila kujua kuna mtu aliyelipigania jambo hilo.

Ndiyo, ile ngoma iliyoburuta kiatu pale Rongai ina ukoo. Nilimuuliza kijana aliitoa wapi, akasema kwa video fulani ya mafunzo. Aliyeitengeneza video pengine naye aliitoa kwa mwingine. Hivyo ndivyo athari inavyosafiri, kama mapishi: unapika vile mama alivyopika, na mama hakukuambia alifundishwa na jirani gani. Ukumbini tuliisikia kama mtu anayesitasita. Kwenye wimbo, chini ya sauti ya rapa, ingeweza kuwa ndiyo kitu kinachofanya ukitikise kichwa bila kujua kwa nini.

Turudi kwa Ogopa na Calif kwa jicho hilo. Mwaka 2018 Ethic walitoa "Lamba Lolo", na baada ya muda mfupi mtaa mzima ulikuwa gengetone. Jina lenyewe linaonyesha mzazi: genge. Mtu wa Calif ananyoosha mkono, kesi imefungwa. Lakini sikiliza chini ya maneno. Ule mdundo unaoruka, unaoomba kiuno kwanza kabla ya sikio, kwangu unafanana zaidi na vile vitu vilivyokuwa vinaitwa kapuka kwa dharau. Calif ilitoa jina na ulimi, Ogopa ikatoa kiuno. Watoto wa 2018 walichukua kwa wote wawili bila kuomba ruhusa, kwa sababu walikuwa wamekulia ndani ya matatu ambamo nyimbo za pande zote zilichezwa moja baada ya nyingine. Hakuna DJ wa 125 aliyewahi kugawa basi katikati, genge kushoto, kapuka kulia.

Na nyuma ya wote hao kuna Tedd Josiah, aliyekuwa akirekodi rap ya Kenya tangu miaka ya 1990, na ambaye mkono wake uko kwenye "Unbwogable" ya Gidi Gidi Maji Maji, wimbo ulioimbwa na kampeni ya NARC hadi Ikulu mwaka 2002. Leo vijana wengi wanamjua kama mtu wa mikoba ya ngozi. Njia aliyosaidia kuifungua bado inapitwa kila siku na watu wasiojua jina lake.

Hapo linakuja swali la deni. Nikichukua kitu kwako na kukifanya changu, nakudai ama unanidai? Sheria ina jibu lake, fupi. Mwaka 2019 Magix Enga alilalamika kwamba "Uno" ya Harmonize ilitumia biti yake ya "Dundaing", na YouTube ikauondoa wimbo huo kwa muda. Iwe ulikuwa upande gani, jambo lenyewe lilieleweka: biti ni mali, ina mwenyewe. Lakini sheria inalinda biti fulani, si namna ya kutengeneza biti. Huwezi kumshtaki mtu kwa kuchelewesha ngoma. Huwezi kudai malipo kwa sababu mtu amejifunza kwako kuacha uwazi katikati. Na sidhani ingefaa uweze, kwa sababu muziki wote ungesimama siku hiyo hiyo.

Kwa hivyo sehemu kubwa ya deni hili hailipwi kortini. Inalipwa kwa kutaja. Ndiyo maana mimi siwacheki maprodyuza wanaoweka majina yao mwanzoni mwa kila ngoma, ile sauti inayotangaza nani yuko kwenye biti kabla hata rapa hajapumua. Wengine wanaona ni kujishaua. Mimi nasikia mtu anayejua kwamba mtangazaji wa redio atamtaja mwimbaji na kuendelea na matangazo, basi ameamua kujitaja mwenyewe.

Lakini kuna deni lingine ambalo hatulizungumzii: lile la mshindani kwa mshindani. Hapa Tanzania wametutangulia. Kwa miongo mingi Dar es Salaam iligawanyika kati ya Msondo na Sikinde. Msondo ilianza mwaka 1964 kama NUTA Jazz. Sikinde, yaani Mlimani Park Orchestra, ilianza 1978. Wamewekwa jukwaa moja mara nyingi kwenye mipambano ambayo mashabiki waliivalia kama mechi ya Simba na Yanga. Na bado, angalia Muhiddin Maalim Gurumo. Aliimba NUTA. Akawa miongoni mwa walioianzisha Mlimani Park. Baadaye akaenda Safari Sound, kisha akarudi Msondo, na huko akamalizia safari yake ya muziki. Hassan Bitchuka naye ameimba pande zote mbili. Ukiwa shabiki wa kufa wa Sikinde unayeichukia Msondo, ulikuwa unapenda na kuchukia koo lile lile.

Hilo halifanyi ushindani wao kuwa wa uongo. Linaonyesha ushindani ni nini ukiwa na afya. Kila bendi ilimpa mwenzake sababu ya kurudi mazoezini Jumatatu. Nadhani ndivyo ilivyokuwa hata kwetu. Clemmo asingekuwa na sababu ya kutengeneza biti tupu kiasi kile kama mji haungekuwa umejaa biti za kuruka. Utupu ulikuwa jibu, na jibu linahitaji mtu wa kujibiwa. Mkali wa kweli anajua kwamba nusu ya ukali wake alipewa na yule anayemkimbiza.

Kwa hivyo sitaki mipambano ife. Kuna wasee wanaosema muziki si ndondi, tuache haya mambo ya kushindanisha watu. Siwaungi mkono. Ondoa mpambano na utabaki na hesabu za watazamaji, ambazo zinaweza kununuliwa, na sifa za marafiki, ambazo ni za bure na zina thamani hiyo hiyo. Ukumbi wa watu walioboeka ni mwalimu mzuri. Ninachotaka ni tuache kuufanya mwalimu huyo kuwa hakimu wa mambo asiyoyafundisha.

Ningekuwa na sauti kwenye kuandaa, ningeongeza raundi moja ya mwisho. Mlete rapa mmoja, asiyejuana na yeyote kati ya hao wawili. Mpe mistari 16 ile ile aitupe kwanza juu ya biti ya huyu, kisha ya yule. Msipigie kura kelele. Ulizeni: ni juu ya biti gani tulimsikia huyu mtu vizuri zaidi? Pengine yule wa Kitengela bado angeshinda, ana uwezo wa kutosha. Lakini angeshinda kwa kitu kilicho karibu zaidi na kazi ambayo prodyuza hufanya siku 364 nyingine za mwaka.

Desemba ilipita. Kijana wa Gataka bado ana laptopu yake. Si kwa sababu ya hoja yoyote ya kifalsafa, bali kwa sababu alianza kurekebisha spika za majirani na za matatu, na ule mkopo wa chama unalipwa polepole. Biti anatengeneza usiku. Sijui kama atafika mbali. Usiku ule hatukuwa na njia ya kujua, na hilo ndilo ninalotaka dada yake na madada wote walisikie: hatukujua, na hatukusema kwamba tunajua.

Kwa wewe unayebishana nani mkali, endelea, ni haki yako na ni raha. Ila kabla hujatoa hukumu, sema kwanza unapima nini. Na ngoma ikikushika, fungua maelezo chini ya video, utafute nani alitengeneza biti, ulitaje hilo jina mbele ya mtu mmoja. Hakuna mpambano unaoweza kumpa prodyuza kitu hicho, na hakikugharimu hata shilingi.